Uwanja Mtupu Bunia: Mawazo ya Watendaji wa Jukwaa na Mchezo wa Kusafiri

Makala haya yanachunguza jinsi mawazo ya watendaji mashuhuri wa sanaa za maonyesho yanavyoweza kumfaa, au kumpotosha, msanii anayebuni mchezo mwepesi wa kusafiri katika mji wa Bunia na vijiji vya Ituri. Kwa "mchezo mwepesi" kunakusudiwa hapa mchezo usio na mandhari ya kujengwa, wenye waigizaji wachache na maleba machache zaidi, ambao vifaa vyake vyote vinaweza kufungwa nyuma ya pikipiki. Jambo lenyewe si geni Afrika Mashariki. Wanafunzi wa Makerere walianza kuzunguka na michezo yao mwaka 1965, wakicheza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakafuata mwaka 1974. Huko Ituri, hata hivyo, swali limepata uzito wa namna nyingine. Vita vya 1999 hadi 2003, ambavyo kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi viliua watu zaidi ya 50,000, na mauaji yaliyozuka upya katika Djugu mwishoni mwa 2017, vimeifanya karibu kila hadhira kuwa hadhira ya wafiwa. Na si nadra wafiwa wa pande mbili kusimama katika duara moja kutazama mchezo mmoja.

Majina yanayotajwa kwanza katika mafunzo ya wasanii wa aina hii ni matatu: Jerzy Grotowski wa Polandi, Peter Brook wa Uingereza na Augusto Boal wa Brazili. Kitabu cha Grotowski kuhusu jukwaa maskini na kile cha Brook kuhusu uwanja mtupu vilitoka mwaka mmoja, 1968. Hoja ya Grotowski ni kwamba sanaa ya jukwaa inaweza kuishi bila mandhari, bila mitambo ya taa, bila muziki wa kurekodiwa na bila rangi za usoni. Kitu pekee ambacho haiwezi kuishi bila yake ni uhusiano wa mwigizaji na mtazamaji. Msomaji wa Bunia anayeikuta hoja hii kwa mara ya kwanza ana haki ya kutabasamu. Grotowski alikuwa na vitu vya kuondoa. Mtu hufunga saumu chakula kikiwa ndani. Asiyekuwa nacho hafungi, ana njaa. Kundi lisilo na ukumbi wala umeme wa uhakika wala nauli haliwezi kusemwa kuwa limechagua umaskini wa jukwaa kwa sababu ya nadharia. Kwa hiyo wanaofundisha Grotowski kama orodha ya vitu vya kuacha humpa msanii wa Ituri ruhusa ya kuwa vile alivyo tayari, na ruhusa hiyo haina faida kubwa.

Faida ya Grotowski iko kwingine, katika namna alivyokitumia kile kichache alichokibakiza. Mwaka 1962, mjini Opole, yeye na Józef Szajna, msanii aliyekuwa amenusurika kambi ya Auschwitz, waliutoa mchezo wa *Akropolis*. Jukwaani palikuwa na takataka za chuma: mabomba ya moshi ya jiko, toroli, beseni kuukuu la kuogea. Waigizaji wote walivaa magunia yaliyotoboka na viatu vya mbao, kiasi kwamba hapakuwa na mkubwa wala mdogo. Kadiri mchezo ulivyokwenda, waliyafunga mabomba yale huku na huku mpaka ukumbi ukawa kambi yenyewe, na mwisho wakaingia wote ndani ya tanuri waliyokuwa wakiijenga kwa mikono yao. Mauaji ya halaiki yalionyeshwa bila tone la damu na bila muuaji hata mmoja kupanda jukwaani.

Mfano unaofanana na huo unapatikana Ituri kwenyewe, ingawa haukukusudiwa kuwa mfano wa jukwaa. Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti karibu na Epulu katika miaka ya 1950, anasimulia katika kitabu chake cha 1961 jinsi alivyongoja kwa hamu kuiona molimo, tarumbeta inayopigwa usiku ili kuuamsha msitu. Alitarajia chombo cha mti kilichochongwa kwa heshima. Alicholetewa ni bomba la chuma la kupitishia maji. Mshangao wake uliwashangaza Wambuti: bomba lile lilikuwa na sauti nzuri, tena halikuoza kama mti. Baada ya hayo kulikuwa na nini cha kuulizia?

Mabomba haya mawili, la Opole na la Epulu, hayafanyi kazi moja. Lile la Opole linabeba kumbukumbu: kila mtazamaji wa Polandi alijua bomba la moshi linaelekea wapi. Lile la Epulu halikumbuki lolote. Limevuliwa kazi yake ya zamani na kupewa sauti ya msitu. Msanii wa Bunia anahitaji kuelewa tofauti hiyo kabla hajachagua hata kifaa kimoja, kwa sababu Ituri vitu vya kawaida kabisa vinakumbuka mengi.

Turnbull huyo huyo ndiye anayetufikisha kwa Brook. Baada ya Epulu alikwenda kwa Waik wa kaskazini-mashariki mwa Uganda, akaandika mwaka 1972 kitabu kilichowachora kama watu waliofishwa utu na njaa. Brook alikuwa ndio kwanza amerejea kutoka safari yake ya Afrika Magharibi, Desemba 1972 hadi mwanzoni mwa 1973, ambako kundi lake lilitandika zulia sokoni na vijijini na kubuni michezo papo hapo, mchana kweupe. Aliigeuza habari ya Waik kuwa mchezo, *Les Iks*, ulioonyeshwa Paris mwaka 1975 na baadaye kusafirishwa hadi London na Marekani. Kwa upande wa fani ulikuwa mchezo mwepesi wa kupigiwa mfano. Waigizaji wa mataifa mbalimbali hawakujipaka rangi. Walijifunza mikao ya Waik kwa kutazama picha, kisha wakaiacha miili yao iseme. Wahakiki wengi wa Ulaya waliuona kama habari ya binadamu wote.

Hapo ndipo penye tatizo. Mwaka 1985 mwanaisimu Bernd Heine, aliyefika kwa Waik na kuijua lugha yao, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba mengi katika maelezo ya Turnbull hayakuwa ya kutegemewa, na kwamba Waik wenyewe walichukizwa nayo. Mchezo wa Brook hauwezi kusahihishwa kwa makala. Tena wepesi wake ndio ulioukinga na maswali: panapokuwa na nyumba, mavazi na vyombo, mtazamaji anaweza kuuliza kama ndivyo watu wa huko wanavyojenga na kuvaa, panapokuwa na mwili mmoja tu ulioinama juu ya ardhi, hakuna cha kuulizia, na kisa cha watu wachache walioshikwa na njaa katika mwaka mmoja kinakuwa hukumu juu ya kabila zima. Uwanja mtupu hukuza. Kilicho kweli hukuzwa, na kilicho uongo vilevile.

Katika Ituri hatari hiyo ina sura mbili zinazojulikana na kila mtu: jembe na fimbo. Vita vya 1999 hadi 2003 vilisimuliwa ulimwenguni, na mara nyingi na wenyeji pia, kama ugomvi wa Walendu wakulima na Wahema wafugaji. Msanii aliyefundishwa kwamba kifaa kimoja kinatosha kumjenga mhusika atashawishika kumpa mmoja jembe na mwingine fimbo ya kuchungia. Ataona amepata alama safi isiyohitaji maneno. Kwa hakika ameingiza vita uwanjani kabla ya neno la kwanza. Hadhira itagawanyika kabla ya kusikia kisa, na kila tendo la mwenye fimbo litahesabiwa kuwa tendo la Wahema. Wala alama hiyo si ya kweli, kwa kuwa wapo Wahema wanaolima na Walendu wenye ng'ombe. Hata lugha haifuati mpaka huo: Wahema wa kaskazini, waitwao pia Wagegere, husema Kilendu, lugha ya wale wanaodhaniwa kuwa maadui zao tangu enzi. Jambo hilo moja, likionyeshwa vizuri, lingekuwa tamthilia nzima; jembe na fimbo vinalifuta.

Kwa hiyo mchezo mwepesi katika Ituri unapaswa kupunguza alama kabla ya kupunguza mandhari. Kifaa kinachofaa ni kile kisicho na kabila. Dumu la maji la manjano, ambalo Bunia huitwa bidoni, limo katika kila nyumba na katika kila kambi ya waliokimbia makazi yao. Likipigwa ni ngoma, likikaliwa ni kiti, likibebwa mgongoni ni mtoto, likiburutwa kwa kamba ni ng'ombe, na likilazwa chini na kufunikwa kitenge halihitaji kuelezwa. Hilo ni bomba la Epulu. Vivyo hivyo mwigizaji mmoja akicheza mwenye shamba katika onyesho la kwanza na mwenye ng'ombe katika la pili, bila kubadili shati, mtazamaji analazimika kuufuata mwili mmoja kutoka upande huu hadi upande ule. Magunia ya Grotowski yalikuwa na kazi hiyo hiyo.

Boal anahitaji marekebisho makubwa zaidi, na heshima aliyo nayo isizuie kusemwa hivyo. Tamthilia yake ya wadhulumiwa, aliyoanza kuiandikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 baada ya kukamatwa, kuteswa na kuhama Brazili, inajengwa juu ya mgawanyo ulio wazi: yupo mdhulumu na yupo mdhulumiwa, na mtazamaji anaalikwa kupanda jukwaani kuchukua nafasi ya mdhulumiwa ili kujaribu njia nyingine ya kushinda. Mbele ya wakulima na bwana shamba mgawanyo huo unatosha. Mbele ya hadhira ambayo nusu yake imechomewa nyumba na nusu nyingine imechinjiwa ndugu, swali la nani mdhulumiwa ndilo lililoleta vita. Kundi linalolijibu kabla ya kufika limekwisha kuchagua upande.

Wapo waliolitambua jambo hili mapema. Mwongozo ulioandaliwa na Lena Slachmuijlder na kutolewa mwaka 2006, ukitokana na kazi ya Centre Lokole na makundi ya waigizaji mashariki mwa Kongo, unamchukua Boal lakini unaigeuza nguzo yake. Waigizaji husikiliza kwanza wakazi, hutenganisha kile ambacho kila upande unadai hadharani na kile unachokihitaji kwa kweli, kisha hubuni kisa kisichotaja jina la mtu. Mtazamaji anaweza kuingia mahali pa mhusika yeyote, si mdhulumiwa peke yake. Kwa maoni ya makala haya, badiliko hilo ni mchango wa kinadharia wala si urahisishaji wa mbinu kwa ajili ya miradi, ingawa ni nadra kuhesabiwa hivyo. Lina udhaifu wake pia. Mchezo unaotafuta suluhu kila mara hujikuta unaharakisha upatanisho, na mfiwa aliyepanda jukwaani kukataa kusamehe huonekana kama aliyeshindwa zoezi. Mwongozaji hodari atamwacha akatae, na onyesho liishie hapo.

Kisa kimoja ambacho Boal alijisimulia mwenyewe kinafaa zaidi Bunia kuliko nadharia yake. Kundi lake lilicheza mbele ya wakulima wa kaskazini-mashariki mwa Brazili mchezo uliomalizika kwa bunduki kuinuliwa na wito wa kuimwaga damu kwa ajili ya ardhi. Mkulima mmoja aitwaye Virgílio aliguswa sana, akawakaribisha waigizaji wale chakula na kisha twende pamoja, wao na bunduki zao, wakamwondoe bwana aliyewapora mashamba. Walipojieleza kwamba bunduki ni za kuigizia tu, akasema haidhuru, zipo za kweli za kuwatosha wote. Walipokataa hilo nalo, akaelewa kwamba damu waliyoiimba ilikuwa ya wakulima. Boal aliapa kutobeba tena mchezo wa namna hiyo. Katika Ituri bunduki ya mti haifai kubebwa hata kwa sababu ya barabarani tu: tangu hali ya dharura ya kijeshi itangazwe katika jimbo hilo Mei 2021, si jambo la kumweleza askari wa kizuizini. Lakini sababu ya Virgílio ni kubwa zaidi. Kundi hupakia vitu na kuondoka. Hadhira hubaki na maneno yaliyosemwa.

Kuhusu namna ya kubuni, msanii wa Bunia hana haja ya kwenda Ulaya. Mwaka 1986, huko Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilitunga kwa Kiswahili cha Shaba mchezo uliotokana na methali isemayo kwa Kifaransa kwamba madaraka huliwa yakiwa mazima, na Johannes Fabian akaufuatilia utunzi huo hatua kwa hatua katika kitabu chake cha 1990. Hapakuwa na andiko. Palikuwa na mazungumzo juu ya maana ya methali, mgawanyo wa maonyesho, na mazoezi ambamo kila mwigizaji alijitafutia maneno yake. Maneno yakabadilika kutoka zoezi hadi zoezi huku mfupa wa kisa ukibaki. Kwa mchezo wa kusafiri utaratibu huo ni hazina, kwa sababu kisa kinaweza kupokea jambo la Kasenyi kikiwa Kasenyi na la Mahagi kikiwa Mahagi. Wahakiki wa tamthilia ya Kiswahili, waliozoea kuanza na kitabu kilichochapwa, wamelipa kundi hili nafasi ndogo mno.

Kwa upande wa umbo, Ebrahim Hussein alikwisha kulitatua tatizo la jukwaa jepesi mwaka 1976 katika *Jogoo Kijijini* na *Ngao ya Jadi*, anapomrudisha mtambaji wa hadithi na kumwachia uwanja mzima. Hussein alimsoma Brecht kwa kina, na tasnifu yake ya Berlin ya 1975 inahusu ukuaji wa sanaa za maonyesho katika Afrika Mashariki. Hata hivyo mtambaji wake haazimi kwa Brecht ule umbali unaomzuia mtazamaji kuzama katika kisa. Anao tayari. Mtambaji husema "akasema" kabla ya kusema, na neno hilo moja linatosha kumkumbusha msikilizaji kwamba anayesema si yule anayesimuliwa. Ituri neno hilo ni kinga. Mwigizaji anayesema "nitawamaliza" amelisema. Mtambaji anayesema "akasema atawamaliza" amelisimulia, na kesho anaweza kupita sokoni.

Jambo la mwisho la fani ni lugha, na hapa mafunzo ya watendaji wa Ulaya hayana la kusema. Bunia, Kiswahili si mali ya Wahema wala ya Walendu, na ndiyo maana kinawezekana kuwa lugha ya mchezo. Lakini Kiswahili hicho si kimoja. Nico Nassenstein na Gerrit Dimmendaal, katika uchunguzi wao wa 2019, wameonyesha kwamba Kiswahili cha Bunia kina ngazi mbalimbali na kwamba wasemaji huzitumia kama alama za utambulisho. Mtazamaji wa kawaida anayajua hayo bila kuyasoma. Mhusika asemaye "watu wale wamefika" kwa usanifu kamili ni mhubiri, mwalimu au redio. Asemaye "batu" ni jirani. Sentensi moja ya Kifaransa huleta ofisi nzima pamoja na mihuri yake. Maneno mawili ya Lingala humfanya mtu askari bila kofia wala buti. Hayo ndiyo maleba ya mchezo mwepesi: hayana uzito, hayalipiwi nauli, na hadhira huyatambua papo hapo. Ndiyo sababu yanahitaji uangalifu ule ule wa jembe na fimbo. Kumpa mhusika mjinga lafudhi ya upande mmoja ni kumvika sare. Na andiko la Kiswahili sanifu lililoletwa tayari kutoka mbali humfanya kila mhusika kuwa mhubiri, hata mlevi.

Limebaki suala la mahali visa vinapotoka. Siku hizi watendaji wengi husisitiza kukusanya masimulizi ya watu na kuyacheza jinsi yalivyosemwa. Ituri imekwisha kuona mwisho wa njia hiyo mahakamani. Katika kesi ya Thomas Lubanga huko The Hague, shahidi wa kwanza aliyeitwa Januari 2009 aliukana ushahidi wake alipokuwa bado kizimbani. Na hukumu ya Machi 2012, iliyomtia Lubanga hatiani kwa kuwatumia watoto vitani, ilieleza pia kwamba baadhi ya mashahidi huenda walishawishiwa na wapatanishi kusema uongo. Katika jimbo ambalo masimulizi ya mateso yamekuwa na wanunuzi, kuanzia mahakama hadi mashirika, msanii anayefika na daftari huonekana kama mnunuzi mwingine. Desturi ya Mufwankolo ya kuanza na methali, ambayo haina mwenyewe, inaepuka jambo hilo: watu huzungumzia methali, na yaliyowapata hujitokeza yenyewe kadiri wanavyopenda.

Zulia la Brook lilikuwa na sifa moja ambayo haitajwi vya kutosha. Lilitandikwa mchana, mwigizaji na mtazamaji wakishiriki mwanga mmoja. Bunia, ambako giza lina historia yake na watu hupenda kufika nyumbani mapema, mchezo wa saa tisa alasiri ni wa lazima. Lakini una faida kwamba mwigizaji anaziona nyuso. Anaona nani ameacha kucheka. Anaona upande upi wa duara umeanza kurudi nyuma hatua moja moja, na mtambaji mwenye kisa kisichoandikwa anaweza kugeuka na kwenda upande huo kabla haujaondoka. Ndiyo maana ratiba ya ziara nayo inaingia katika utunzi. Kundi linalocheza Komanda Jumamosi na kuondoka Jumapili alfajiri halitajua kilichosemwa baada ya ibada. Linalorudi baada ya mwezi, na bidoni lile lile na kisa kile kile, litakuta duara limekaa kwa namna nyingine, na litalazimika kuanza kwa kumwuliza mwenyeji nani hakuja mara hii, na kwa nini.